Umeme wa akiba kwa ripita ya kubeba: tuamue chaja kabla ya kununua betri

Mwanzisha uzi:

Wadau wa mawasiliano ya redio, salaam.

Uzi huu unahusu ripita ndogo, yaani vifaa vinavyopokea sauti ya redio moja na kuirusha tena, zinazobebwa hadi juu ya kilima au kwenye paa la jengo refu ili redio za mkononi zilizoko bondeni ziweze kusikilizana pale ambapo mtandao wa simu umekatika au haukuwahi kufika. Wanaozitumia ni askari wa hifadhi, vikosi vya uokoaji, waongozaji wa mashindano ya magari, wahudumu wa misaada na sisi wa redio ya ridhaa. Maporomoko ya matope yaliyoikumba Katesh, chini ya Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, na giza lililoifunika sehemu kubwa ya Kenya tarehe 25 Agosti 2023 umeme wa gridi ulipoanguka, ni matukio ya aina tofauti kabisa, lakini yote mawili yalikuja bila kumpa mtu muda wa kwenda dukani. Ripita iliyo tayari ni ile ambayo umeme wake ulishafikiriwa mapema.

Swali ninalolikuta mara nyingi ni hili: "Ninunue betri ya ampea ngapi?" Naomba tuligeuze. Kabla ya ampea za betri, tujiulize betri hiyo itachajiwa na nini, kwa saa ngapi kwa siku, katika joto gani, na je, ripita itakuwa inaendelea kufanya kazi wakati wa kuchaji? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayochagua chaja, chaja ndiyo inayochagua aina ya betri, na ukubwa wa betri unabaki kuwa hesabu ya dakika tano. Kwa maoni yangu betri nyingi za akiba zinazokufa mapema huuawa na chaja isiyolingana nazo, kisha lawama anabebeshwa aliyeziuza.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo sehemu nyepesi. Ripita ina hali mbili tu za ulaji: inaposubiri na inaporusha. Ripita ya analojia inayorusha wati 10 hula takriban nusu ampea inaposubiri na karibu ampea 3 inaporusha, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme unaoingia kwenye kikuza nguvu hugeuka joto. Ya wati 50 inaweza kufika ampea 10 hadi 12. Msichukue namba hizi kama amri. Chukueni mita ya ampea, iwekeni kwenye waya chanya, pimeni ya kwenu katika hali zote mbili na muandike matokeo kwenye kisanduku chenyewe. Tukichukua ripita hiyo ya wati 10 na kukadiria kuwa inarusha robo ya muda wote, wastani wake ni ampea 1.1, na kwa saa 24 inahitaji takriban ampea-saa 27 (ampea mara saa). Katika dharura, watu wanapozungumza nusu ya muda, wastani unapanda hadi ampea 1.75, na siku moja inadai ampea-saa 42. Mimi hupanga kwa namba hii ya pili, kwa sababu kifaa hiki kinanunuliwa kwa ajili ya siku hiyo mbaya.

Hapo hapo kuna akiba ambayo haigharimu shilingi. Ripita nyingi huendelea kurusha kwa sekunde kadhaa baada ya msemaji kuachia kitufe. Mkia huo ukifupishwa hadi sekunde moja, siku yenye mazungumzo mafupi mafupi mengi itaokoa umeme wa kutosha kabisa. Vilevile, kushusha nguvu kutoka wati 10 hadi 5 kunapoteza desibeli 3 tu, hasara ambayo mita chache za ziada za mlingoti mara nyingi huifidia, huku ulaji wa umeme wakati wa kurusha ukipungua waziwazi.

Sasa chaja. Chaja ya kisasa ya betri za asidi hufanya kazi kwa hatua: husukuma ampea nyingi mwanzoni, kisha hushikilia karibu volti 14.4 mpaka ampea zinazoingia zipungue, halafu hushuka hadi volti 13.5 au 13.6 na kubaki hapo kuitunza betri. Inajua kwamba betri imejaa kwa kuona ampea zimekuwa chache. Ukiifungia ripita inayofanya kazi kwenye betri hiyo hiyo, ampea hazipungui kamwe, kwa sababu kila mtu anapozungumza ripita inavuta 3. Chaja inadhani betri bado ina njaa, inaendelea kuikandamiza kwa volti 14.4 saa nenda saa rudi, na betri iliyofungwa, ambayo huwezi kuiongeza maji, inakauka ndani taratibu. Kwa hiyo, kama ripita itafanya kazi wakati wa kuchaji, na katika mfumo wa akiba ndivyo ilivyo karibu siku zote, nunueni chaja ambayo mtengenezaji ameandika wazi kwamba inaruhusu mzigo kuunganishwa. La sivyo tumieni pawasaplai ya volti 13.6 hadi 13.8 yenye kikomo cha ampea, ambayo inalisha ripita moja kwa moja huku ikiitunza betri pembeni. Kikomo cha ampea ni cha lazima, kwa sababu betri iliyoisha inaweza kuvuta kila ampea iliyopo na kuizima pawasaplai isiyo na kinga.

Joto nalo lina neno lake. Volti zinazoandikwa kwenye betri za asidi zimepimwa katika nyuzi 25. Kila nyuzi moja inapoongezeka, volti ya kuitunza betri ya volti 12 inapaswa kushuka kwa takriban 0.02. Ndani ya kisanduku cha chuma kilichoanikwa juani Dodoma, nyuzi 40 ni jambo la kawaida, na hapo volti 13.6 inapaswa kuwa 13.3. Chaja yenye kihisi cha joto cha kubandika kwenye betri huifanya kazi hii yenyewe, na ingawa bei yake iko juu kidogo, ninaiona fedha hiyo kuwa imetumika vizuri, kwa kuwa umri wa betri za asidi hupungua karibu nusu kwa kila ongezeko la nyuzi 8 hadi 10 juu ya kiwango hicho.

Tukishafika hapo, uchaguzi wa betri unajieleza. Betri ya gari, ile N50 au N70 tuliyoizoea, imeundwa kutoa ampea nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Bati zake, yaani sahani za ndani, ni nyembamba, na ukiishusha sana mara chache tu huwa imekwisha. Isitumike isipokuwa hakuna kingine. Betri ya asidi iliyofungwa, iwe ya jeli au ya nyuzi za kioo, inavumilia zaidi, lakini ukitaka idumu ishusheni hadi nusu tu. Kwa ampea-saa 42 za siku ya dharura mnahitaji basi ya 84, na kwa kuwa betri huzeeka, mtanunua ya 100, yenye uzito wa takriban kilo 30. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, inayoandikwa LiFePO4, inaruhusu kutumia asilimia 80 bila wasiwasi. Mzigo huo huo unatoshwa na ya 60, ambayo ina uzito wa kilo 7 hivi.

Uzito, hata hivyo, si sababu yangu kubwa. Sababu yangu kubwa ni jenereta. Betri ya asidi hupokea sehemu ya mwisho ya chaji polepole mno, hata chaja iwe na nguvu kiasi gani. Kuijaza kabisa ile ya 100 huchukua saa nane, kumi au zaidi. Ile ya lithiamu ya 60, ikiwa na chaja ya ampea 20, hujaa kwa saa tatu na ushee. Pale ambapo kila lita ya petroli imepandishwa mlimani mgongoni mwa mtu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua. Na betri ya asidi isiyowahi kujazwa hadi mwisho huota chumvi kwenye bati na kupoteza uwezo wake wiki baada ya wiki.

Lithiamu nayo inataka chaja yake: volti 14.2 hadi 14.6, bila hatua ya "kufufua" betri inayopandisha volti kupita 15. Saketi ya ulinzi iliyo ndani yake, BMS, hukata umeme betri inapoisha, na hapo chaja za kawaida husoma sifuri na kukataa kuwaka, zikidhani hakuna betri. Ulizeni kabla ya kununua kama chaja inaweza kuiamsha betri ya namna hiyo. Ninakaribisha maswali na hoja pinzani.

Mchangiaji, Iringa:

Ahsante kwa uzi, mkuu. Mimi ni fundi wa muda mrefu wa minara na naomba niitetee betri ya asidi, kwa sababu vijana wanaitupa haraka mno. Kwanza, inapatikana karibu katika kila mji wa wilaya. Ikikufia Ludewa utapata nyingine kabla ya jioni. Pili, volti zake hushuka polepole, kwa hiyo mita ya kawaida inakupa onyo. Lithiamu inabaki karibu volti 13 kwa muda mrefu, halafu inakata ghafla na kikosi kizima kinabaki kimya. Tatu, kwenye kituo cha kudumu chenye umeme wa TANESCO unaokatika kwa saa mbili au tatu, betri haishuki sana na huchajiwa mara umeme unaporudi. Sioni haja ya kulipa zaidi hapo.

Mwanzisha uzi:

Mzee wangu, hoja ya tatu ninaikubali yote, na ndiyo maana nimeuita uzi huu wa ripita ya kubeba. Kwenye kituo cha kudumu chenye umeme wa uhakika kiasi, chumba chenye hewa na chaja yenye kihisi cha joto, hata mimi ningefunga asidi.

Hoja ya pili ina uzito mkubwa, na wenye lithiamu wasiipuuze. Volti peke yake haikuambii kilichobaki. Dawa yake ni kufunga mita inayohesabu ampea-saa zinazoingia na kutoka, ile yenye shanti (kipande cha kupimia ampea) kwenye waya hasi, au kuchagua betri ambayo BMS yake husomeka kwenye simu. Bila mojawapo ya hivyo, kikosi kiandike saa ripita ilipowashwa na kibadilishe betri kwa kufuata hesabu, bila kungoja dalili.

Ninaongeza tahadhari moja upande wa asidi: inapochajiwa inaweza kutoa gesi ya haidrojeni. Hata iliyofungwa ina vali inayofunguka ikizidiwa. Msiifungie kamwe ndani ya kisanduku kisichopitisha hewa pamoja na relei au swichi zinazotoa cheche.

Mchangiaji, Moshi:

Sisi tunaisaidia timu ya uokoaji mlimani. Kuna wakati ripita inawekwa kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mita 4,673, na usiku maji yanaganda kwenye chupa. Nimesoma kwamba lithiamu haitaki baridi. Je, turudi kwenye asidi?

Mwanzisha uzi:

Ndugu yangu, hapana, ila mbadilishe ratiba ya kuchaji. Betri ya LiFePO4 inaweza kutoa umeme hata chini ya sifuri, na nyingi huruhusiwa hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, ingawa ujazo unaopatikana hupungua. Kilichokatazwa ni kuichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa sababu lithiamu hujipaka kama metali juu ya bati badala ya kuingia ndani yake, na madhara hayo hayarudi nyuma. Kwa hiyo nunueni yenye BMS inayokata chaji kwenye baridi, na jambo hilo liwe limeandikwa kwenye karatasi ya vipimo, maana si zote zinazo. Usiku betri ikae ndani ya hema, imefunikwa kwa godoro la sponji au mfuko wa kulalia, waya pekee utoke nje. Paneli ya sola iunganishwe asubuhi baada ya betri yenyewe kupata joto, kwa sababu jua linaweza kuwa kali wakati moyo wa betri bado umeganda.

Asidi nayo hupoteza takriban sehemu moja ya tano ya ujazo wake inapofika nyuzi sifuri, na betri moja ya kilo 30 inapita kikomo cha kilo 20 cha mzigo wa mpagazi. Kumpandisha mtu na mzigo huo hadi Barafu ni jambo ambalo tusilitake.

Mchangiaji, Mombasa:

Shida yangu ni tofauti. Ripita inafanya kazi vizuri ikiwa kwenye betri, lakini nikiwasha chaja, redio za mbali zinaacha kusikika. Nikizima, zinarudi. Fundi mmoja ameniambia nibadilishe antena.

Mwanzisha uzi:

Kaka, usiiguse antena. Umeshajipimia mwenyewe: chaja ndiyo inayopiga kelele kwenye masafa yako ya kupokea. Chaja nyepesi za kisasa hukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na mabaki ya mikato hiyo hupanda hadi kwenye VHF, masafa ya redio. Ripita inaumia kuliko redio ya kawaida kwa sababu kazi yake yote ni kusikia mawimbi dhaifu kutoka bondeni. Kontrola za sola nazo zina tabia hiyo hiyo, hasa za bei ya chini.

Isogeze chaja mita kadhaa kutoka kwenye ripita na waya wa antena, kisha zungusha waya zake zote, za kuingia na za kutoka, mara kadhaa ndani ya pete za fereti (pete za kuzuia kelele) zinazofaa masafa yako. Kila hatua ipime kwa namna moja: mtu asimame mahali ambapo sauti yake inafika kwa shida, wewe uzime na kuwasha chaja huku mwingine akisikiliza. Ikishindikana, tafuta pawasaplai ya transfoma, ile nzito. Haina kelele hizo, lakini hakikisha ina kidhibiti cha volti, kwa sababu chaja ya zamani ya transfoma isiyo na kidhibiti inaweza kupanda kupita volti 16 na kuiua betri pamoja na ripita.

Jaribio hili lifanyike kabla ya kulipa. Muuzaji muungwana atakuruhusu kwenda na redio mbili dukani.

Mchangiaji, Dodoma:

Je, zile betri za boksi zenye inveta na soketi za umeme wa nyumbani, zinafaa? Tunayo moja ofisini. Pia ripita yetu ya wati 50 inajizima tunapozungumza kwa muda mrefu ingawa betri ya asidi inaonyesha volti 12.

Mwanzisha uzi:

Boksi hilo linafaa ukitumia tundu lake la volti 12, mradi ampea zake zitoshe. Ukipitia soketi ya inveta, unapandisha umeme hadi volti 230 kisha pawasaplai ya ripita inaushusha tena, na unapoteza pande zote mbili. Inveta yenyewe inaweza kula wati 10 au zaidi bila kazi yoyote, wakati ripita ndogo inayosubiri inakula wati 6 tu. Hapo zaidi ya nusu ya betri yako ingekwenda kuilisha inveta.

Kuhusu kujizima, ninashuku waya. Redio nyingi za volti 13.8 zinaruhusiwa kushuka asilimia 15, yaani hadi volti 11.7. Tuseme betri iko mita 5 kutoka kwenye ripita: umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10 za waya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 utapoteza volti 0.7 kwa ampea 10. Volti 12 za betri zinafika 11.3, na ripita ina haki ya kuzima. Kwa waya wa milimita za mraba 6 upotevu unakuwa 0.3, na volti 11.7 zinazofika zinavuka kwa shida. Isogeze betri karibu kwanza, kwa sababu ni bure. Pima volti kwenye vichwa vya ripita ikiwa inarusha. Kipimo cha kwenye betri ikiwa imetulia hakikusaidii. Fyuzi iwe karibu kabisa na kichwa chanya cha betri, ili waya ukichunika njiani usishike moto.

Mchangiaji, Dar es Salaam:

Tunatakiwa kuipeleka ripita Mafia kwa ndege ndogo. Betri yetu ni ya lithiamu, volti 12.8, ampea-saa 20. Je, tutaruhusiwa?

Mwanzisha uzi:

Zidisha volti kwa ampea-saa: unapata wati-saa 256. Kanuni za usafiri wa anga kwa abiria huruhusu betri ya lithiamu hadi wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 inahitajika idhini ya shirika la ndege, na zaidi ya hapo haipandi na abiria. Hiyo yenu iende kwa boti kutoka bandari ya Nyamisati, au isafirishwe kama shehena yenye nyaraka za bidhaa hatari.

Njia nyingine ni kununua betri ndogo za ampea-saa 7, ambazo kila moja ina wati-saa 90. Zikiwa betri za akiba, zinabebwa kwenye mzigo wa mkononi, vichwa vikiwa vimefunikwa kwa utepe, nanyi mliulize shirika mapema idadi linayokubali. Mkifika Mafia, chajini kila moja peke yake hadi ijae ndipo mziunganishe, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kila moja ikiwa na fyuzi yake. Mkiziunganisha moja ikiwa imejaa na nyingine imeisha, ile iliyojaa itaimwagia mwenzake ampea nyingi kwa mkupuo na BMS zitakata. Hakikisheni pia kwamba BMS ya kila moja inahimili ampea za ripita nzima, kwa sababu moja ikikata, zilizobaki zinarithi mzigo wake.